Juu ya lifti ya viti hakuna pa kukimbilia moshi

Swali: “Shikamoo daktari. Mimi ni mhandisi, naishi Kisasa hapa Dodoma. Mwezi wa pili tunakwenda Innsbruck, Austria, watu wanne wa ofisi moja, kwa mafunzo ya wiki tatu. Wenyeji wetu wametuandalia siku mbili za kupanda milimani kujifunza kuteleza kwenye theluji. Mimi navuta sigara, kama kumi kwa siku. Mmoja wetu, dada ninayemsimamia kazini, ana pumu na ameshaanza kulalamika hata kabla hatujaondoka. Kwa mawazo yangu kule ni mlimani, hewa wazi, upepo tele. Moshi utamfikiaje mtu? Na nikiomba ruhusa kwanza kwa walio karibu, si inatosha? Sitaki kumuudhi mtu wala kuonekana sina adabu ugenini. Naomba mwongozo.”

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa safari. Nimekuwa nikitibu vifua vya watu hapa Dodoma kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikaa majira mawili ya baridi huko huko Tirol, jimbo la Austria lenye Innsbruck unakokwenda, nikisoma. Kwa hiyo nitakujibu kama daktari, na pia kama mtu aliyewahi kukalia vile viti vyao.

Nianze na hilo neno lako, “hewa wazi”, maana hesabu yako yote umeijenga juu yake. Jumamosi ukiwa mnada wa Msalato, umekaa kwenye benchi unasubiri nyama, ukiwasha sigara yako, asiyependa moshi anainuka. Hakuombi, hakulaumu, anabeba sahani yake na kuhamia upande upepo unakotoka. Pale anaokolewa na miguu yake kuliko anga lililo juu yake. Mnyime hiyo nafasi ya kuhama na utaona kwamba hewa wazi haimsaidii sana. Ndani ya mita moja au mbili kutoka kwenye sigara, hata nje, jirani anavuta moshi wa kutosha kumuumiza mwenye kifua dhaifu. Unapungua haraka ukishavuka umbali huo, ni kweli, lakini lazima aweze kuuvuka.

Sasa nikueleze lifti ya viti ni nini, kwa sababu ndipo mahali ambapo wavutaji wengi wageni hukosea. Ni benchi la watu wawili, wanne, sita, kwingine hata wanane, linaloning'inia kwenye waya mnene wa chuma. Linakuja kwa nyuma, linawachota magotini, mnashusha chuma cha kuwazuia msianguke, mnapaa. Skii, zile mbao ndefu za kutelezea, zimefungwa miguuni, fimbo ziko mkononi, ardhi iko mita kumi chini au zaidi. Mtakaa hivyo dakika tano, nane, wakati mwingine zaidi, mabega yakigusana. Mtu akianguka pale juu pa kushukia, au upepo ukizidi, mtambo unasimamishwa na ninyi mnabaki mnabembea. Hakuna kusogea hata kidogo. Kwenye viti vya kisasa kuna kifuniko cha plastiki kinachoshushwa mbele kukinga upepo na theluji. Kikishashuka, lile benchi limekuwa chumba.

Siku moja nilipanda na mtoto wa familia iliyonipokea, binti wa miaka tisa mwenye pumu. Upande wangu wa pili akakaa bwana mmoja mtaratibu, akatusalimia vizuri. Tulipopita nguzo ya pili akatoa sigara, akanitazama na kuinua nyusi: naweza? Mimi, kwa malezi niliyolelewa Mpwapwa, nikaitikia kwa kichwa na hata nikatabasamu. Hatujafika nusu ya njia mtoto akaanza kukohoa, kile kikohozi kikavu kisicho na mwisho. Nikamfunika pua kwa skafu, nikamgeuzia kifuani kwangu. Bwana yule aliizima mara moja akaomba radhi kwa dhati, uso umemshuka. Lakini bado tulikuwa hewani, na pampu ya mtoto ilikuwa kwenye mkoba wa mama yake, chini mlimani. Zile dakika nilizihesabu moja moja. Alipona, alhamdulillahi, tulishuka naye kwa kabini, kile chumba kidogo kinachoning'inia kwenye waya, na baada ya pafu mbili za dawa kifua kikafunguka. Lakini ruhusa niliyoitoa pale juu haikuwa yangu kuitoa, na mpaka leo sijaacha kuifikiria.

Ndiyo maana swali lako la pili, la kuomba ruhusa, limenigusa kuliko la kwanza. Wewe umelelewa kuamini kwamba ukiomba umemaliza adabu. Hebu jiulize kwetu mtu akiombwa kwa upole hujibu nini. “Haina shida.” “Wewe vuta tu.” “Bila wasiwasi, kaka.” Anajibu hivyo hata kama macho yanamwasha, kwa sababu kumnyima mtu jambo dogo mbele ya watu ni kumvunjia heshima. Mdogo hawezi kumkatalia mkubwa. Mgeni hamkatalii mwenyeji. Na huyo dada mwenye pumu, ambaye umesema mwenyewe unamsimamia kazini, “hapana” yake kwako ina gharama ambayo yako kwake haina. Wazungu nao wana aibu yao: wengi watakaa kimya kwenye kiti na kugeuza uso upande wa pili, halafu wakalalamike wakishafika. Kwa hiyo mimi nakushauri uombe ruhusa mahali ambapo akikukatalia hapotezi kitu, na akikubali kisha akajuta ana pa kwenda. Kwenye lifti hakuna sharti hata moja kati ya hayo linalotimia. Pale usiombe kabisa. Acha sigara mfukoni, hata kama uko peke yako upande mmoja na aliye upande wa pili amekuambia yeye pia anavuta. Kiti kinapanda kwa kasi na moshi wako unabaki nyuma, ukimsubiri wa kiti kinachofuata, ambaye hukumwomba chochote.

Kuhusu upepo unaoutegemea: milima hiyo haina upepo kila siku. Asubuhi za baridi kali hewa hutulia kabisa; hewa nzito ya baridi hulala chini na yenye joto kidogo hukaa juu yake kama mfuniko. Umeshaliona hilo hapa hapa. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, kabla jua halijapanda, moshi wa mkaa na wa takataka zinazochomwa hutandaa juu ya mabati na haupandi kwenda popote, halafu saa nne upepo wa Dodoma unaamka na kuufagia. Kule bondeni mfuniko huo unaweza kukaa kutwa. Na hizo ndizo siku nzuri za kuteleza, zenye jua na foleni ndefu.

Foleni nayo ni mahali pa kutunza adabu. Chini ya kila lifti watu husongamana, na katikati yao kuna watoto wa darasa la kuteleza, wamevaa vizibao vya rangi moja, helmeti zao zikifika kiunoni kwako, yaani pale pale mkono wenye sigara unaponing'inia. Huhitaji bango likuambie. Lakini mabango yapo, na maneno ya kutafuta ni “Rauchen verboten”, kuvuta ni marufuku. Kabini zilizofungwa, zile zinazobeba watu wanane au kumi, na zile kubwa za watu wengi waliosimama kama daladala ya Jamatini saa ya jioni, humo sigara haina mjadala.

Migahawa ya mlimani ni rahisi kuielewa. Austria ilipiga marufuku kuvuta ndani ya migahawa na baa zote kuanzia tarehe 1 Novemba 2019, baada ya mabishano ya miaka, na vibanda vya chakula vya mlimani vimo humo. Wavutaji hutoka kwenye baraza la nje. Mkivuka mpaka kwenda Italia, wao walianza mapema zaidi, Januari 2005. Usiende ukidhani haya ni mambo ya Ulaya tu: sisi tuna sheria yetu ya tumbaku ya mwaka 2003, na mwaka 2007 tuliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani unaotaka watu walindwe na moshi wa wenzao. Tofauti ninayoiona ni kwamba kule jirani anayejua sheria huisema.

Barazani basi, ambako kuvuta kunaruhusiwa kwa kawaida, kaa mwisho kabisa, upande ambao upepo unakwendea. Tazama kwanza kama kuna kisahani cha majivu mezani. Kikiwepo ni ishara, kisipokuwepo muulize mhudumu. Meza zao ni ndefu na watu wasiojuana hukaa pamoja, kwa hiyo ukimaliza kula, inuka na kikombe chako ukasimame pembeni. Wenye mikahawa wengine huweka pipa la mchanga karibu na mlango, lakini usisimame mlangoni, maana kila anayeingia atapita kwenye moshi wako, na mlango ukifunguka joto la ndani huuvuta uingie.

Utashawishika pia kusimama katikati ya njia ya kutelezea, mandhari ni nzuri, miguu imechoka, kwa nini usiwashe moja? Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIS, lina kanuni 10 za mwenendo mlimani. Ya kwanza inamtaka kila mtu asimhatarishe wala kumdhuru mwingine, na ya sita inakataza kusimama kwenye sehemu nyembamba au isiyoonekana vizuri kutoka juu, isipokuwa kwa dharura. Anayekuja nyuma yako baada ya kibonde hakuoni, na wewe umevua glavu moja, umeinamia kiberiti. Kama lazima usimame, toka pembeni kabisa, mahali anayeshuka anakuona kwa mbali.

Sasa kipisi. Hapa nakuomba unisikilize kama mtu wa Dodoma, kwa sababu nadhani utaelewa upesi kuliko watalii wengi. Theluji ni nyeupe, laini, na kipisi kikidondoka kinazama kwa mlio mdogo kisha hakionekani. Mtu anahisi kimekwisha. Mwezi wa nne theluji inayeyuka, na chini ya kila lifti ya viti kunabaki mstari wa vipisi, ukifuata waya kutoka bondeni hadi kileleni, kama mbegu zilizopandwa kwa kamba. Nimeutembea mstari huo kwa miguu majira ya kuchipua, nikiwa na mfuko, pamoja na wanakijiji waliokuwa wakisafisha. Walikuwa wanasafisha kwa sababu mwezi wa sita wanapandisha ng'ombe pale. Ndiyo, zile njia za kutelezea, kwa sehemu kubwa ya Tirol, ni malisho. Theluji ikiondoka zinaota nyasi, na ng'ombe wenye kengele shingoni wanapanda kula hadi mwezi wa tisa.

Kichungi cha sigara si karatasi wala pamba. Ni nyuzi za plastiki, zimeshika nikotini na lami ya moshi uliopita humo, na huchukua miaka kuchakaa. Sisi tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, wafugaji hawakuhitaji kuelezwa sana, walishawahi kuchinja ng'ombe wakakuta rambo tumboni. Mgogo yeyote akikuta mgeni anamwaga plastiki kwenye malisho yake, hatamwita mgeni wa adabu. Maji ya theluji hiyo nayo huteremka hadi mto Inn, uliolipa jina jiji la Innsbruck, na Inn humwaga maji yake Danube. Kwa hiyo beba kikopo kidogo chenye kifuniko. Kule wanauza maalumu kwa kazi hiyo, lakini kikopo cha chuma cha peremende kinafaa vilevile. Zima kabisa kwenye theluji, okota, funga, weka mfukoni. Uzime kwelikweli, maana makoti ya theluji ni ya nailoni na cheche moja hutoboa tundu lisilozibika, ama kwenye koti lako uliloazima au la jirani.

Wazee wetu wengi kijijini walikuwa watu wa ugoro. Niliwaona wakipokezana kibuyu kidogo, kila mmoja akinusa chake, na mtoto aliyekaa katikati yao hakuvuta chochote. Siusifu ugoro, una madhara yake na nimeyaona. Nautaja kwa sababu huko utakutana na vijana wenye vifuko vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo, na ni kweli kwamba kwa jirani aliye kwenye kiti hicho kifuko hakina moshi. Kwa mdomo na moyo wa mwenye kukitumia sikupi hakikisho, na kifuko kilichotumika nacho kiende kwenye kikopo. Sigara ya kielektroniki, kwa upande mwingine, usiihesabu kama ruhusa: mvuke wake una nikotini na chembe ndogo, unampata wa pembeni, na marufuku ya migahawani Austria inauhusu pia. Kwenye ndege lazima iwe mzigo wa mkononi kwa sababu ya betri, na haivutwi.

Nikuambie kidogo kuhusu mwili wako mwenyewe, maana hukuuliza na ulipaswa kuuliza. Innsbruck yenyewe iko chini kuliko Dodoma; sisi tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, wao ni karibu nusu ya hapo. Lakini waya utakutoa mjini na kukufikisha juu ya mita 2,200 kwa muda mfupi sana, na wakikupeleka kwenye Stubai, mlima wa barafu isiyoyeyuka kutwa mwaka, utavuka 3,000. Kwenye urefu huo hewa ina karibu asilimia 70 tu ya mgandamizo wa pwani, na oksijeni unayoipata kwa kila pumzi inapungua kwa kiasi hicho hicho. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, gesi inayoshikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na inachukua saa kadhaa kutoka hata nusu yake. Kwa hiyo mvutaji anafika kileleni sehemu ya damu yake ikiwa tayari imeshakaliwa. Na nikotini inabana mishipa midogo ya vidole, wakati ule ule baridi nayo inaibana. Ukivua glavu kuwasha sigara kwenye baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri, vidole vyako vinapigwa pande mbili. Nimeona vidole vilivyoganda. Vinauma zaidi vinapopata joto.

Sigara kumi kwa siku ni kama moja kila saa na nusu ukiwa macho. Ujue utakavyoyavuka masaa hayo kabla hujajikuta kwenye kiti ukitetemeka kwa hamu. Utaanza na treni ya SGR kwenda Dar es Salaam, kisha ndege; kote huko huvuti. Ongea na mfamasia kabla ya kuondoka kuhusu kiraka cha nikotini au jojo zake, utumie mchana wa mlimani na uvute jioni ukishuka, mbali na wenzako. Watu wangu kadhaa waliacha kabisa kwa kuanzia na siku kama hizo mbili. Ukitaka tuendelee hapo, mlango wangu unajua ulipo.

Turudi kwa dada yako. Hajakulalamikia kwa sababu ya ubishi. Mwenye pumu akipanda mlimani anavuta kwa mdomo hewa baridi, kavu, huku akihema kwa mazoezi. Kuta za njia yake ya hewa zinapoteza unyevu na kujibana hata bila moshi wa mtu. Moshi ukiongezwa hapo unakuta njia imeshakuwa nyembamba. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na wasiovuta wanaokufa kila mwaka kwa moshi wa wengine duniani wanazidi milioni moja. 

Usimwombe ruhusa. Mwambie leo, kabla ya safari, mkiwa wawili tu na si kwenye kikao: “Mlimani na kwenye gari sitavuta. Ukinusa moshi kwangu, niambie, sitakasirika.” Halafu utimize. Moshi hukaa pia kwenye nguo, kwa hiyo ukishavuta jioni subiri kidogo nje na uvue koti kabla ya kuingia kwenye chumba mnachokaa pamoja. Yeye naye amwone daktari wake wiki hizi, wapange dawa za kuzuia na azipeleke za kutosha wiki tatu. Avae skafu mdomoni ili hewa ipate joto kabla ya kuingia kifuani. Na ile pampu ya bluu, ya kutuliza, asiiache kwenye begi hotelini wala kwenye mfuko wa nje wa koti: gesi inayosukuma dawa hudhoofika ikipata baridi. Aiweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Wewe ubebe ya pili, mfuko wako wa ndani pia, na mkae kiti kimoja.